Je, Wajua? Kutoka Keya Hadi JWTZ

Je, wajua kwamba kambi ya Lugalo, ile ya Dar es Salaam ambayo wengi tunaijua kwa hospitali yake, iliwahi kuitwa Colito? Majina yote mawili ni ya mapigano. Colito ni mahali kusini mwa Ethiopia ambapo tarehe 19 Mei 1941 askari wa Tanganyika waliokuwa chini ya Waingereza walikumbana na vifaru vya Waitaliano. Lugalo ni kijiji cha Iringa ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walikivizia kikosi cha Emil von Zelewski, yule Mjerumani aliyepachikwa jina la Nyundo, wakakimaliza karibu chote, na Nyundo mwenyewe hakutoka. Waliobadilisha jina la kambi walijua wanachofanya: waliondoa ushindi wa mkoloni wakaweka kipigo chake.

Na shujaa wa Colito alikuwa nani? Sajenti Nigel Leakey, mzungu mzaliwa wa Kenya, binamu ya Louis Leakey wa mafuvu ya Olduvai. Alirukia kifaru kikiwa kinakwenda, akang'oa mfuniko, akawapiga risasi waliokuwemo isipokuwa dereva, ambaye alimlazimisha akiendeshe hadi mafichoni. Alipokwenda kujaribu kingine aliuawa. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria akiwa marehemu.

Je, wajua kwamba Keya, yaani King's African Rifles, ilizaliwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vitatu vya Nyasaland (Malawi ya leo), Kenya na Uganda? Ilianza na batalioni sita. Ya kwanza na ya pili zilikuwa za Nyasaland, ya tatu ya Kenya, ya nne ya Uganda, ya tano ya Wahindi waliowekwa Uganda, na ya sita ya Somalia ya Waingereza. Miaka michache baadaye wakoloni walibana matumizi: ya tano ikavunjwa mwaka 1904, ya sita 1910, ya pili 1911. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 zilibaki tatu tu, zenye askari Waafrika 2,300 na ushei, waliotawanywa kwenye kombania 21. Vita ilipokwisha, batalioni zilikuwa 22 na askari wamezidi 30,000.

Kuanzia hapo tarakimu za Keya zinachanganya wasomaji. Batalioni ya sita iliyovunjwa si ya sita iliyopigana Colito. Hii iliyopigana Colito iliundwa mwaka 1917, na wengi wa askari wake wa mwanzo walikuwa mateka: askari waliokuwa wakiwapigania Wajerumani, wakakamatwa, wakavishwa sare ya Mwingereza na kurudishwa vitani. Mtu aliweza kuanza vita akimpigia saluti Kaiser na kuimaliza akimpigia Mfalme George, tena bila kuvuka mipaka ya nchi yake. Ndiyo hiyo Keya ya sita iliyokuja kuwa jeshi la Tanganyika siku ya uhuru.

Batalioni ya saba nayo ilitokana na askari wa Zanzibar na wa kisiwa cha Mafia. Wapemba na Waunguja wanaodhani vita ile iliwapita, basi haikuwapita.

Je, wajua kwamba jeshi la Wajerumani na lile la Waingereza kule Uganda, yote mawili, yalianza kwa Wasudani? Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alitumwa kuzima upinzani wa Abushiri pwani. Hakuwaamini wenyeji, akaenda Cairo na kuandikisha Wasudani wapatao 600 waliowahi kutumikia jeshi la Misri, akaongeza Washangaan kutoka Msumbiji. Miaka miwili baadaye kikosi hicho kikawa jeshi rasmi la koloni, Schutztruppe. Upande wa Uganda, mwaka huohuo wa 1891, Kapteni Lugard aliwakuta karibu na Ziwa Albert mabaki ya jeshi la Emin Pasha, Wasudani waliosahauliwa huko na familia zao, akawachukua. Mwaka 1897 Wasudani wa Uganda waliasi. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha na malipo duni, na uasi ule ulichukua miezi kuuzima.

Wazao wa wanajeshi hao ndio Wanubi wa leo, wa Bombo nchini Uganda na wa Kibera jijini Nairobi. Kibera ilikuwa ardhi ya jeshi, mahali walipopewa askari wastaafu wa Keya wajenge na kulima. Anayeitazama Kibera kama mtaa wa mabanda pekee hajui kwamba wakazi wake wa kwanza walikuwa na haki ya kuwapo hapo kwa jasho la vita, na kwamba wajukuu wao walipigania hati ya ardhi hiyo hadi karne hii.

Je, wajua kombania za Mjerumani zilikaa wapi mwaka 1914? Zilikuwa 14. Ya tisa ilikuwa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Ya kumi na moja ilikuwa Kisenyi, Rwanda. Ya saba Bukoba, ya kumi na mbili Mahenge, ya tano Masoko kule Rungwe, ya nane Tabora. Waliotembea na kombania hizo hawakuwa wanaume peke yao. Wake na watoto wa askari walifuata nyuma, wakapika, wakatafuta kuni na maji, wakazaa njiani. Vitabu vingi vya kijeshi vinawapa mstari mmoja, halafu vinarudi kwenye mizinga.

Nyuki wa Tanga je? Ni kweli. Mwezi Novemba 1914 Waingereza walishusha kikosi cha wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India, wakakutana na askari karibu elfu moja wa kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck. Risasi zilitikisa mizinga ya nyuki, nyuki wakatoka wakauma pande zote mbili bila kuuliza sare. Lakini nyuki wamepewa sifa kupita kiasi. Waingereza walishindwa kwa sababu waliwaonya wenye mji kabla ya kushuka, hawakuupeleleza, na askari wao walikuwa wamekaa melini wiki nyingi. Walipoondoka waliacha ufukweni bunduki na risasi kama laki sita, na Mjerumani akazitumia kwa muda mrefu.

Sasa twende kwenye kikosi kikubwa kuliko vyote, ambacho hakikupewa bunduki.

Je, wajua kwamba katika vita ile wapagazi walizidi askari kwa mbali mno? Waingereza peke yao waliandikisha watu wanaokaribia au kuzidi milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, Zanzibar na kwingineko. Hesabu yenyewe inaeleza kwa nini. Ndorobo waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, na barabara za magari zilikuwa haba, kwa hiyo kila risasi na kila kilo ya unga ilikwenda kwa kichwa cha mtu. Mpagazi alibeba kilo kama 25. Naye anakula, tuseme kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na kumi kurudi, amekula karibu mzigo wote, na askari mbele anapata kilo tano. Kwa hiyo unahitaji mpagazi mwingine wa kumlisha mpagazi, na mwingine wa kumlisha huyo.

Waliokufa, makadirio yanakaribia 100,000. Risasi iliua wachache, wengi walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia na chakula kibovu. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi na muda mfupi wa kuupika, matumbo yakakataa. Mkuu wao upande wa Kenya, Oscar Watkins, alipiga kelele mara nyingi kuhusu chakula, mablanketi na madaktari. Vita ilipokwisha, mishahara ya maelfu ya marehemu ambao ndugu zao hawakupatikana ilibaki serikalini, na wakubwa wakabishana miaka juu ya fedha hizo badala ya kuzirudisha vijijini zilikotoka nguvu. Hiyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni dhuluma ambayo haijawahi kuombewa radhi inavyostahili.

Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina kutokana na kikosi hicho, Carrier Corps. Muuza mitumba na mnunuzi wake wanalitaja jina lao kila siku.

Je, wajua kwamba Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora ina ndugu zake Nairobi na Mombasa? Zote ziliwekwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na zote ni kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Ile ya Nairobi ina mpagazi miongoni mwa watu wake watatu. Ya Dar es Salaam ni askari peke yake na singe yake, ingawa mji wenyewe una mtaa mzima wa wapagazi hatua chache kutoka hapo.

Dar es Salaam pia iliwahi kuwa na sanamu ya Wissmann. Waingereza waliing'oa, ikaishia Hamburg mbele ya chuo kikuu, na mwaka 1968 wanafunzi wakaiangusha.

Je, wajua kuhusu mtoto wa Dar es Salaam aliyekufa katika kambi ya mateso ya Wanazi? Bayume Mohamed Husen alizaliwa mwaka 1904, mtoto wa askari, naye akaingia jeshi la Wajerumani angali mtoto. Mwaka 1929 alikwenda Berlin, pamoja na mengine kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake. Akabaki huko, akafanya kazi ya uhudumu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu. Aliomba nishani ya waliopigana vita, akanyimwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Mbele ya nyumba aliyoishi Berlin sasa kuna jiwe dogo la shaba lenye jina lake.

Wenzake waliobaki nyumbani walisubiri zaidi. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa wazee waliokuwa askari wa Lettow-Vorbeck. Husimuliwa kwamba wazee wengi walifika Mwanza bila vyeti, basi afisa akampa kila mmoja ufagio na kumtolea amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Ni hadithi tamu mno, na mimi hadithi tamu mno huzipokea kwa mkono mmoja. Lakini malipo yalikuwapo.

Je, wajua jenerali wa Ubelgiji aliyebeba jina la Tabora? Charles Tombeur aliongoza Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, lililoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Baadaye alipewa cheo cha ubwanyenye na jina likawa Baron Tombeur de Tabora. Wanyamwezi hawakuulizwa.

Ngoma ya beni ilitoka wapi? Ilianzia pwani ya Kenya kabla ya vita, vijana wakiiga bendi za kijeshi, na vita ikaisambaza bara. Vyama vyake, Marini na Arinoti, vilikuwa na vyeo kamili: kingi, jenerali, kapteni, hata madaktari. Askari na wapagazi wa pande zote mbili waliibeba mpaka Nyasaland. Serikali za kikoloni ziliogopa kwamba ni jeshi la siri. Lilikuwa jeshi, ndiyo, la kushindana kwa mavazi, karamu na gwaride.

Je, wajua kwa nini Waganda wengi kwa miaka mingi walikiona Kiswahili kama lugha ya mwenye bunduki? Kiswahili kilikuwa lugha ya Keya, na maafisa wa Kiingereza walilazimika kukijifunza. Amri zikaendelea kutolewa kwa lugha hiyo hata baada ya uhuru. Raia wa Kampala alikisikia zaidi kwenye kizuizi cha barabarani kuliko shuleni. Leo Kiswahili ni lugha rasmi ya pili Uganda, lakini kumbukumbu hiyo haijafutika yote.

Je, wajua kuhusu meli Khedive Ismail? Iliondoka Kilindini mwezi Februari 1944 kwenda Colombo. Ndani yake kulikuwa na Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido na meli ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, wengi wao vijana wa Afrika Mashariki. Meli Titanic kila mtu anaijua. Hii, iliyotoka bandari yetu na watoto wetu, haimo hata kwenye vitabu vya shule.

Waliofika Asia walipigana. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa begani alama ya kichwa cha kifaru, iliteremka Bonde la Kabaw nchini Burma katika masika ya 1944, kwenye matope na malaria, ikiwafukuza Wajapani. Mwezi Desemba iliingia Kalewa, na hapo juu ya mto Chindwin likajengwa daraja la vyuma la mita 350 hivi, refu kuliko yote ya aina yake wakati huo.

Mmoja wa waliotoka Burma ni Koplo Waruhiu Itote. Miaka michache baadaye alikuwa Mlima Kenya akiitwa Jenerali China wa Mau Mau, akiwapiga Waingereza kwa mbinu walizomfundisha wenyewe. Na waliotumwa kumsaka ni Keya! Uhuru ulipokuja alipewa uongozi katika National Youth Service.

Idi Amin naye alipenda kusimulia vita vyake vya Burma. Aliandikishwa mwaka 1946, wakati vita vimeshakwisha, akaanzia jikoni. David Msuguri alijiunga na Keya mwaka 1942. Mwaka 1979 wanajeshi hawa wawili wa Keya walikutana: mmoja Rais wa Uganda, mwingine kamanda wa Divisheni ya 20 ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) iliyovuka mpaka na kwenda kumwondoa, huku roketi za BM-21 ambazo Waganda waliziita Saba Saba zikinguruma. Kampala ikaanguka mwezi Aprili.

Je, wajua kwamba majeshi matatu ya Afrika Mashariki yaliasi ndani ya wiki moja? Tanganyika Rifles walianza tarehe 20 Januari 1964 pale Colito, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Jinja, Uganda, ikafuata tarehe 23, na Lanet, Kenya, tarehe 24. Nyerere, kwa uchungu asiouficha, aliwaita makomando wa Uingereza, akavunja jeshi zima, na ulinzi ukashikwa kwa miezi kadhaa na wanajeshi wa Nigeria. Hiyo ilikuwa mara ya pili kwa Wanaijeria kufika: mwezi Oktoba 1917 walimwaga damu Mahiwa, karibu na Lindi, katika mapigano mabaya kuliko mengi ya vita ile.

JWTZ ikaundwa tarehe 1 Septemba 1964, chini ya Mrisho Sarakikya. Kenya na Uganda hazikuvunja vikosi vyao vyote. Batalioni za 3KR na 5KR za Kenya Rifles zinabeba hadi leo tarakimu za Keya ya tatu na ya tano (si ile ya tano iliyovunjwa mwaka 1904).

Sarakikya alikuwa mpanda Kilimanjaro hodari. Ila aliyepandisha Mwenge kileleni usiku wa uhuru, Desemba 1961, ni afisa mwingine kijana, Luteni Alexander Nyirenda.

Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ni kongwe kuliko JWTZ: iliundwa tarehe 10 Julai 1963. Na kama unadhani kazi yake ni kulima na kukimbia mchakamchaka tu, JKT Queens walikuwa mabingwa wa wanawake wa CECAFA mwaka 2023. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 pale Christchurch, alikuwa mwanajeshi wa JWTZ. Ulinzi Stars, timu ya jeshi la Kenya, imetwaa ligi ya nchi hiyo mara nne.

Je, wajua kwamba Umoja wa Mataifa uliwahi kuunda brigedi ya kushambulia, tofauti na desturi yake ya kulinda amani? Ni ile iliyoidhinishwa tarehe 28 Machi 2013 kwa azimio namba 2098, kupigana mashariki mwa Kongo. Ilikuwa ya wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Mwezi Novemba mwaka huo waasi wa M23 wakashindwa, ingawa baadaye waliibuka tena. Malawi Rifles ni warithi wa Keya ya kwanza.

Msomaji, kama nyumbani kuna nishani ya fedha ya babu au babu mkuu, usiisafishe kwa mchanga wala kumuuzia sonara. Nishani za Vita ya Kwanza zilichorwa ukingoni namba, cheo na jina la mwenyewe. Igeuze, iangalie kwa kioo cha kukuzia, uyanakili yote, kisha waulize wazee waliobaki alitumikia kikosi gani.